Msimu wa kahawa Santiago Atitlán

Wengi mmeniuliza nilikwenda kufanya nini Guatemala. Nilikwenda kujitolea: kuchuma kahawa na kufanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha chama cha wakulima wa Kitz'utujil, moja ya jamii za Wamaya, wenyeji wa asili wa nchi ile, kando ya Ziwa Atitlán. Mimi ni afisa ugani, nimezaliwa Kibosho kwenye kihamba cha migomba na kahawa, na siku nyingi nilikuwa na hamu ya kuona wakulima wadogo wa upande ule wa dunia wanaifanyaje kazi hii hii yetu. Niliwaandikia chama wenyewe. Wakanijibu kwamba msimu wao unashika kasi Januari na Februari, wakati sisi Kilimanjaro tumeshamaliza kuchuma, kwamba mikono haitoshi, na kwamba ipo familia itakayonipa kitanda. Hapakuwa na wakala katikati, na kuhusu mawakala nina neno huko mbele.

Haya nimeyaandika nikiwa nimesharudi Moshi, kutoka kwenye daftari na picha za simu. Kwa heshima ya wenyeji wangu sitaji jina la mtu wala la chama.

Ijumaa 12 na Jumamosi 13 Januari 2024: KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) hadi Guatemala

Nilipitia Amsterdam na Panama. Njia ni ndefu lakini ina sababu yake: ukipitia Marekani, hata kama ni kubadili ndege tu, utadaiwa viza ya Marekani. Viza ya Guatemala nayo ianze kushughulikiwa miezi kadhaa kabla. Tiketi ya kwenda na kurudi ilinigharimu dola 1,780, na hiyo ndiyo iliyokula akiba yangu kuliko kitu kingine chochote cha safari hii.

Jambo moja kwa wanaotoka kwenye kahawa kama mimi. Huku kwetu tuna chulebuni, ugonjwa wa buni ambao haujatoka nje ya Afrika. Kwa hiyo viatu vyangu vya shambani vilibaki nyumbani, mkasi wa kupogolea ulibaki, na nguo zote nilizobeba zilikuwa hazijaingia kihambani. Buti nilinunua huko huko. Tafadhali msichukulie hili kuwa dogo: udongo kwenye soli au buni moja mfukoni inaweza kuwaharibia watu maisha.

Tulitua La Aurora, uwanja wa ndege wa Jiji la Guatemala, saa nne usiku; saa za huko ziko nyuma ya zetu kwa saa tisa. Afisa wa uhamiaji aliigeuzageuza pasipoti yangu, akamwita mwenzake, kisha akaomba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Iwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi lililoingia tumboni mwa ndege. Mama mmoja wa Kiguatemala aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, alipoona Kihispania changu kimefika mwisho, alisogea akawaeleza kwamba nimekuja kusaidia kwenye kahawa bila mshahara. Alinisubiri mpaka nikapata begi langu, akatoka nami nje, akamhoji dereva aliyetumwa na shule ya lugha mpaka akaridhika, ndipo akaenda kwa watu wake. Sikumwona tena.

Jumapili 14 Januari: Antigua, usiku wa kumsubiri rais

Nilikuwa nimelipia wiki moja ya Kihispania Antigua, mji wa kale wa Guatemala, pamoja na chumba kwenye nyumba ya fundi seremala na mkewe. Nilifika siku ambayo nchi nzima ilikuwa mbele ya televisheni. Bernardo Arévalo alikuwa aapishwe mchana. Bungeni wakavutana, saa zikapita, wageni kutoka nchi nyingine wakabaki wanasubiri ukumbini.

Fundi alinieleza polepole, akirudia kila nilipokunja uso. Tangu Oktoba mwaka uliotangulia, viongozi wa jadi wa Wamaya, wakiwamo wa Vijiji 48 vya Totonicapán, walikuwa wamepiga kambi mbele ya ofisi ya mwendesha mashtaka mkuu kulinda kura zilizompa Arévalo ushindi. Zaidi ya miezi mitatu walikuwa pale, wakipokezana, wakipikiwa na watu wa kawaida waliowaletea mahindi na kuni. Mke wa fundi mwenyewe alikuwa amepeleka gunia la maharage. Jioni ile alichemsha kahawa mara ya pili, kisha ya tatu, na mkate mtamu juu yake. Saa sita ya usiku ilishapita Arévalo alipoapishwa. Fataki zikalipuka mtaa mzima, na yule fundi, mtu mzima wa miaka sitini na kitu, akalia waziwazi. Niliona fahari kukaa naye meza moja.

15 hadi 19 Januari: darasani

Mwalimu mmoja, mwanafunzi mmoja, kila asubuhi. Masomo ya wiki yalikuwa quetzal 1,350, na quetzal moja wakati ule ilikuwa kama shilingi 320 za Tanzania. Nilimwomba mwalimu anifundishe maneno ya shambani na ya jikoni kabla ya mengine yote, na huo ndio ushauri wangu kwenu pia. Antigua yenyewe ni mji mzuri na picha zake zimejaa kila mahali, kwa hiyo nauacha. Nitaje tu kwamba mlima Fuego ulikuwa unatoa moshi na mshindo mchana na usiku, na wenyeji hawageuki kuutazama, ingawa Juni 2018 mlima huo huo ulifukia vijiji.

Jumamosi 20 Januari: Antigua hadi Santiago Atitlán

Kuna mabasi madogo ya watalii yanayokuchukua mlangoni. Mimi nilipanda camioneta, mabasi ya shule yaliyochakaa Marekani yakaletwa Guatemala, yakafungwa injini zenye nguvu, yakapakwa rangi nyekundu, kijani na dhahabu. Kiti cha watoto wawili wanakaa watu wazima watatu, na yule wa tatu amekaa nusu tu, anajizuia kwa bega la mtu wa upande wa pili wa njia. Konda anapanda juu ya paa gari likiwa mwendoni, anafunga mizigo, anashuka kwa ngazi ya nyuma na kuingilia mlango wa dharura akidai nauli. Anayeijua daladala ya zamani ya Moshi mjini hatapata shida.

Nauli zangu: Antigua hadi Chimaltenango quetzal 5, Chimaltenango hadi Los Encuentros 25, halafu 5 hadi Sololá na 5 tena kushuka Panajachel. Beba noti ndogo. Konda akikuona na noti ya 100 safari inakuwa na maneno mengi.

Los Encuentros ni njia panda ya juu milimani, upepo wake unapenya sweta. Basi la Sololá lilichelewa zaidi ya saa nzima. Nilikuwa nimesimama na begi langu pale penye mama wauza chakula, na mmoja wao, aliyevaa sketi ya kufuma na blauzi ya mistari ya Sololá, akaniita niketi kwenye kigoda chake. Akanipa tamalito, donge la unga wa mahindi lililopikwa ndani ya majani, la moto. Nilipotoa pesa akaifunga ngumi yangu kwa mikono yake miwili. Aliniuliza kama natoka Livingston. Swali hilo niliulizwa mara nyingi sana, kwa sababu Livingston, kwenye pwani ya Karibi, ndiko wanakoishi Wagarifuna, na mtu mweusi anayeonekana milimani hudhaniwa ametoka huko. Nikasema natoka Tanzania, Afrika. Akafikiri kidogo, akauliza kama huko nako kuna mahindi. Nikamwambia kwamba ndicho chakula chetu cha kila siku. Akaridhika kabisa, akaniongezea tamalito la pili.

Kutoka Sololá barabara inashuka kwa kona kali na ziwa linaonekana lote kwa mara moja: maji ya buluu iliyokolea, na ng'ambo yake milima mitatu ya volkeno, San Pedro, Tolimán na Atitlán. Santiago iko katikati ya hiyo milima, kwenye ghuba. Boti kutoka Panajachel ilikuwa quetzal 25. Baada ya adhuhuri huvuma upepo wanaouita Xocomil, na mawimbi yake si mchezo: tulilowa wote, na mzee mmoja akanigawia upande wa turubai lake. Panga kufika Panajachel asubuhi. Boti za mwisho za Santiago huondoka kabla ya jua kuzama, na ukiikosa utalala huko kwa bei ya watalii.

Gatini zilinipokea bajaji, zile zile za kutoka India tunazozijua. Quetzal 10 hadi nyumbani kwa wenyeji wangu.

Jumapili 21 Januari: kanisani

Mama mwenyeji alinipeleka misa ya asubuhi. Kanisa ni la tangu karne ya 16, na watakatifu wa mbao waliopangwa ukutani wamevalishwa nguo walizofuma wanawake wa mji. Karibu na mlango kuna mahali ambapo watu husimama na kugusa jiwe. Hapo umezikwa moyo wa padri Stanley Rother.

Alikuwa mkulima kwa kuzaliwa, kutoka Oklahoma, akafika Santiago mwaka 1968. Alijifunza Kitz'utujil mpaka akakihubiri na kusaidia kutafsiri Agano Jipya, alilima na watu, alishughulika na ushirika na hospitali. Vita ya ndani ilipofika ziwani na watu wakaanza kupotea, jina lake likawa kwenye orodha ya watu wa kuuawa. Alirudi kwao kwa muda, kisha akarejea Santiago kabla ya Pasaka, na usiku wa Julai 28, 1981 akauawa ndani ya nyumba ya mapadri. Mwili ulipelekwa Oklahoma. Waumini wakaomba moyo ubaki. Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri Septemba 23, 2017.

Mama mwenyeji alikuwa msichana mdogo wakati huo. Aliniambia anachokumbuka ni kwamba padri alikuwa anakula kile walichokula, akikaa chini na wao. Nililiandika hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, na kila asubuhi nililisoma.

Nje, sokoni (soko kubwa ni Ijumaa na Jumapili), niliona bibi wawili tu wenye tocoyal, utepe mwekundu mrefu sana unaozungushwa kichwani mpaka unakuwa duara pana. Kichwa hicho kipo kwenye sarafu ya senti 25 ya Guatemala, na mwanamke aliyechorwa pale, Concepción Ramírez, alikuwa mtu wa Santiago; alifariki mwaka 2021. Muuza nyanya aliitoa sarafu, akainyanyua kando ya uso wa bibi aliyekuwa anapita ili nifananishe. Bibi akasimama kwa subira mpaka tukamaliza.

Jumatatu 22 Januari: mlimani

Saa kumi na moja alfajiri tulipanda nyuma ya pikapu, tumesimama, tukishika vyuma, hadi mguu wa volkeno ya Tolimán. Kutoka hapo ni kwa miguu, saa nzima ya kupanda.

Shamba lao ningelijua nikiwa nimefumba macho. Harufu ni ile, na juu ya kahawa kuna migravilea, ile ile tuliyopanda sisi kwa ajili ya kivuli na mbao. Kuna miparachichi na migomba pia. Mibuni mingi ni ya aina za Bourbon na Caturra. Bourbon ndiyo iliyofika Kilema, kwetu Kilimanjaro, kwa wamisionari mwishoni mwa karne ya 19, kwa hiyo nilikuwa nachuma kutoka kwa ndugu wa mti wa babu yangu.

Kikapu hufungwa kiunoni kwa mkanda ili mikono yote miwili iwe huru. Unalivuta tawi kwako, unachuma nyekundu tu, unaliachia taratibu lisivunjike. Wasichana wa nyumba wanachuma na kuzungumza bila kutazama vidole. Kinachoniumiza mpaka sasa ni mecapal. Gunia la buni mbichi, ratili mia moja, linabebwa mgongoni kwa ukanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso. Baba mwenyeji anachuchumaa, anauweka ukanda, anainuka kwa mapaja huku mkono mmoja umeshika fimbo, halafu anateremka njia ile ya mawe akitazama chini kwa sababu shingo haiwezi kugeuka. Ana miaka hamsini na tisa. Nilipima ukanda wake alipouvua: sehemu ya katikati ilikuwa imelainika na kuwa nyeusi kwa jasho, na kwenye paji lake kuna alama isiyofutika. Kila ninaponunua kahawa ya kigeni nitaifikiria alama hiyo.

Mwaka 2012 na 2013 kutu ya majani iliwapiga vibaya, serikali ikatangaza hali ya dharura. Aliyepanda upya alikaa karibu miaka mitatu bila mavuno. Ndipo vijana wengi wakaenda Marekani, na ndiyo maana leo mikono haitoshi. Watoto wawili wa kiume wa nyumba yangu wako huko. Picha zao zimetundikwa juu ya friji.

Alhamisi 25 Januari: jikoni, na suala la pesa

Siku inaanza kwa mlio wa mashine ya kusaga, kabla ya jogoo. Jioni mahindi yanachemshwa na chokaa hadi ganda linaachia. Asubuhi yanaoshwa mpaka maji yawe meupe, na wanawake wanapanga foleni na mabeseni yao kichwani. Ukifika nyumbani unga ule mbichi bado una joto la mashine. Mama mwenyeji anakata donge, analizungusha, anapiga kofi la kulia na kushoto huku akilizungusha tena, mpaka linakuwa duara lisilo na mpasuko, kisha analaza kwenye bamba la udongo juu ya moto. Linavimba katikati, analigeuza kwa ncha za vidole. Hakuna mlo usio na tortilla: na maharage meusi, na yai, na chayote, tunda la kijani linalopikwa kama mboga, na siku ya soko patín, vidagaa vilivyokaushwa katika rojo ya nyanya na kufungwa ndani ya jani.

Siku hiyo aliweka mezani mboga ya kijani kwenye mchuzi, nikaitambua kwa harufu kabla sijaionja. Ni mnavu, au ndugu yake wa karibu sana. Wao wanaita macuy. Nilikula mpaka wakaogopa. Tangu hapo kila nilipotoka shambani na watoto tuliuchuma kwenye kingo za njia.

Sasa lile neno kuhusu mawakala. Antigua nilikutana na kijana wa Kijerumani aliyelipia kujitolea kupitia wakala wa nje, zaidi ya dola 300 kwa wiki. Mama aliyemlaza na kumlisha alipomwambia anachopewa, hata robo haikufika. Mimi nililipa quetzal 75 kwa siku, mkononi mwa mama wa nyumba, kila Jumamosi, mbele ya mumewe, na chama ndicho kilichopendekeza kiwango hicho. Mtu wa kujitolea ni mgeni anayekula, anayeoga, anayeuliza maswali mtu akiwa na kazi, na mzigo huo unabebwa kwanza na mwanamke anayeamka saa kumi usiku kuosha mahindi. Kabla hujalipa popote, uliza kwa maandishi: jikoni inafika shilingi ngapi? Wakikuzungusha, tafuta chama cha wakulima, parokia au shule, uandike mwenyewe. Inachukua muda mrefu kidogo na inawezekana.

Maji ya kunywa ni ya dumu kubwa la dukani. Nilijinunulia langu nisiwaongezee gharama. Hata hivyo mwishoni mwa Januari tumbo lilinilaza, na mama mwenyeji akaninywesha chai ya majani ambayo sikuyatambua, hadi nikainuka.

Jumapili 4 Februari: Panabaj

Babu wa nyumba alitaka nione alikozikwa dada yake. Panabaj ni kitongoji cha Santiago. Oktoba 2005, kimbunga Stan kilileta mvua za siku nyingi, na alfajiri moja tope la mlimani likashuka likafunika nyumba na watu waliolala. Mamia walipotea, wengi hawakufukuliwa, na eneo likatangazwa kaburi. Majani yamemea juu yake.

Karibu na hapo ni Bustani ya Amani. Usiku wa kuamkia Desemba 2, 1990, watu wa Santiago walikwenda bila silaha kwenye kambi ya jeshi kulalamikia unyanyasaji. Wanajeshi wakawafyatulia risasi, wakaua zaidi ya kumi, wakiwamo watoto. Mji mzima ukasaini na kuweka alama za vidole kudai kambi iondoke, na ikaondoka. Hilo lilikuwa miaka sita kabla ya mkataba wa amani wa Desemba 29, 1996, uliomaliza vita ya ndani. Babu aliniambia yote hayo kwa Kitz'utujil, mjukuu wake akitafsiri kwa Kihispania, na mara kwa mara babu alinyamaza ili mtoto apate maneno yanayofaa.

Tulirudi kwa kando ya ziwa. Mvuvi alituonyesha samaki wa kigeni walioletwa mwishoni mwa miaka ya 1950 ili watalii wapate cha kuvua kwa ndoana. Walikula samaki wadogo wa asili, na ndege wa maji asiyeruka aliyekuwa ziwani humo peke yake, poc, akaisha kabisa. Nilimsimulia habari za sangara na furu wa Ziwa Victoria. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza wavuvi wetu wanaishije sasa. Nilimweleza nilichokijua kuhusu dagaa na viwanda vya minofu, na tukakaa hapo hadi giza lilipoanza kuingia.

5 hadi 17 Februari: kiwandani

Wiki hizi nilihamia kwenye kiwanda cha chama, na ndizo zilizonifaa kuliko zote. Buni zinapokelewa alasiri. Mizani imewekwa nje, uso wake ukiwaelekea wakulima, na karani anatamka uzito kwa sauti ili wote walio kwenye foleni wasikie. Naomba viongozi wa AMCOS zetu, yaani vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima, watakaosoma hapa walitafakari hilo. Hakuna mkulima niliyemsikia akinung'unikia mizani.

Buni zinamenywa usiku ule ule, kisha zinalala kwenye tangi. Kujua kama zimeiva kuoshwa, msimamizi, mzee mfupi mwenye kofia ya majani, anachomeka fimbo katikati ya rundo na kuichomoa. Tundu likifunga, bado. Likibaki wazi, anaita watu na maji yanafunguliwa, hata kama ni saa tisa usiku. Baridi ikizidi inachukua muda mrefu, na alikuwa anaamka kukagua bila saa ya kengele.

Wanaanika kwenye sakafu ya saruji na kugeuza kwa reki za mbao mchana kutwa. Waliniuliza sisi tunaanikaje, nikawachorea kichanja: miguu, waya, kimo cha kiuno. Walijadiliana kwa siku mbili. Ardhi ni ghali, saruji ipo tayari, upepo wa mchana unapeperusha maturubai. Hoja zote zilikuwa za kweli. Wakaamua kujaribu kimoja, kwa mianzi na wavu wa kuku, na kugawa kahawa ya mkulima mmoja nusu kwa nusu. Tulikijenga asubuhi moja. Wanawake wanaochambua ndio waliokipenda kwanza, kwa sababu wanaweza kuondoa mbovu wakiwa wamesimama wima. Msimamizi alikuwa anapima ukavu kwa kung'ata punje, mashine ya kupima unyevu anaitumia kuthibitisha tu, na kila nilipomwona walikubaliana.

Katikati ya hayo ilikuja Jumatano ya Majivu, Februari 14. Asubuhi kanisani, mchana kwenye reki, wote tukiwa na majivu usoni.

Jumamosi 24 hadi Jumatatu 26 Februari: kurudi

Siku ya kuondoka mama mwenyeji alinivika huipil, blauzi ya Santiago yenye mistari ya zambarau na ndege waliotariziwa shingoni. Mimi nilimwachia kanga mbili. Wasichana walizipima kwa mikono, wakaulizana zinafungwaje, tukachelewa boti ya asubuhi na hakuna aliyejali. Nilisema maltiox, asante, kwa kila mtu gatini mpaka injini ikawashwa.

Antigua ilikuwa chini ya moshi. Msitu wa mlima Agua ulikuwa unaungua, na vijana wa kujitolea walikuwa wanapanda kwa miguu na majembe na maji mgongoni. Yule fundi seremala alikuwa jikoni na mkewe wakifunga mikate kwa ajili yao. Tulifunga pamoja hadi usiku. Safari ya ndege ilikwenda vizuri, isipokuwa begi lililochelewa siku mbili kufika KIA.

Kwa atakayetaka kufuata njia hii: nenda Januari au Februari, kaa zaidi ya mwezi mmoja, jua Kihispania cha kutosha kabla ya kufika ziwani, na beba nguo za baridi na mvua. Wanawake, sketi ndefu inawapa wazee amani. Kahawa yoyote ya kuleta nyumbani iwe imekaangwa.

Jana msimamizi amenitumia ujumbe wa sauti. Nusu ya saruji ilikauka mapema, ya kichanja ikachukua siku tano zaidi, na walipoionja wengi walichagua ya kichanja. Wanataka kujenga vingine vitatu kabla ya msimu ujao na wanauliza waya upi haushiki kutu. Kesho nitapita Lyamungo, kwenye kituo cha utafiti wa kahawa, kuwauliza watafiti wetu, nimpigie simu jioni, kwake itakuwa asubuhi.